Majivu Chini ya Ghala

Mimi huandika polepole. Nilimaliza darasa la saba tu, na tangu utotoni nimekuwa mtu wa kukaa nyuma, karibu na mlango. Lakini najua wiki hii kuna mtu ameambiwa kifua chake kina TB, amerudi nyumbani na karatasi mfukoni, na hajui atamwambiaje mama yake. Huyo ndiye ninayemwandikia. Mimi nilikaa na karatasi kama hiyo siku mbili kabla ya kuitoa.

Ilikuwa miaka ya sabini, nyumbani kwetu juu ya mto wa mchanga, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Matiliku. Kikohozi kilianza wakati wa baridi, ule mwezi wa saba ambao ukungu hukaa vilimani mpaka saa nne. Tulisema ni vumbi la mbaazi, maana tulikuwa tukipura na kila mtu alikohoa. Mbaazi zikaisha, wengine wakanyamaza, mimi nikaendelea. Mshipi wangu ulikuwa na matundu matano. Nikatoboa la sita kwa msumari, kisha la saba. Kila siku saa tisa alasiri joto lilinipanda mwilini, halikosi, kama mgeni aliyeahidiana nami. Asubuhi shuka lilikuwa majimaji hata ungeweza kulikamua.

Baba alifanya kazi ya barabara upande wa Malili na alikuja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na shamba, mbuzi na maji. Aliyeniuguza hasa ni mama mzazi wa baba, ambaye kwetu tunamwita Susu. Mimi nilipewa jina la marehemu mume wake, Musyoka, kwa hiyo kwa desturi yetu Susu aliniita mume wangu tangu nikiwa mchanga. "Mume wangu, mbona hujaniletea kuni?" Watu walicheka, mimi niliona haya, naye alizidi.

Mwenye jina alikufa kabla sijazaliwa. Alikufa kwa kikohozi, katika nyumba ndogo ya udongo iliyokuwa kando ya ghala. Muuguzi wa kituo cha afya cha Matiliku aliposema nilale peke yangu, nyumba iliyokuwa tupu ni hiyo.

"Hiyo nyumba ina mwenyewe," Mama alisema.

"Mwenyewe si ni huyu?" Susu akajibu, akaanza kufagia.

Basi nikalala kwenye kitanda cha mtu mwenye jina langu, nikikohoa kikohozi chake. Ukutani kulikuwa na alama ya mafuta pale alipokuwa akiegemeza kichwa. Nilipokaa kitako ili nipate pumzi, kichwa changu kilifika papo hapo.

Sindano zilikuwa za kila siku, miezi miwili, Jumapili tu tukipumzika. Mama alinisindikiza mpaka kituo cha afya, tukiondoka jua likichomoza. Kulikuwa na benchi refu kwenye ukumbi, limelainika kwa kukaliwa, na sisi wa kifua tuliwekwa mwisho wake, karibu na mlango wa nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kukaa hapo. Siku ya kwanza mzee mmoja fundi wa viatu alinigeukia.

"Kijana, wewe leo ni upande gani?"

Sikumwelewa.

"Wa sindano! Mimi jana wamenidunga Kitui, leo ni zamu ya Machakos." Akajipiga tako la kulia.

"Wee mzee, huna hata aibu," mama mmoja akamwambia. "Mtoto amekuja na mama yake."

"Mama yake ajue pia. Leo akimpikia, amkalishe Kitui."

Nilicheka mpaka nikakohoa, na benchi zima likakohoa nami. Mkikohoa pamoja namna hiyo hakuna anayegeuza uso. Nakumbuka jambo hilo kuliko maumivu ya sindano.

Sista aliyetudunga alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi. Alinieleza mambo mawili. Kwanza, nitemee kwenye mkebe wenye majivu na kifuniko. Pili, dawa hiyo huenda ikasumbua masikio. "Wengine wanasikia filimbi, wengine nyuki. Ukisikia kitu, uniambie. Usinyamaze." Kisha akamtazama Mama. "Nyumbani kuna mwingine anakohoa?"

"Hakuna, sista. Ni huyu tu."

Kila Jumatatu aliuliza swali hilo, na kila Jumatatu tulijibu hivyo.

Sasa niseme jinsi Susu alivyonitunza, maana huenda ukaweza kufanya kama yeye. Alisema mwili una majira yake kama shamba. Wakati wa baridi alinipa uji wa mawele, mwepesi, wenye ukwaju, na asali kidogo juu. Kiangazi kilipokaza alinipa maji ya ubuyu na kunde zilizochemshwa mpaka zikapasuka. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, alinipondea kwa mwiko kama mtu anayelisha mtoto. Asubuhi alinitoa nje nikae juani mgongo wazi mpaka kivuli cha paa kifike kizingitini, kisha akaniingiza. Na sista aliposema nyumba yangu haina hewa, Susu alichukua jembe akatoboa dirisha ukutani, mahali pale penye alama ya mafuta. Udongo ulianguka kitandani.

"Alikuwa akilalamika joto," akasema, akipangusa jembe. Sikuuliza ni nani.

Hakunikataza dawa hata siku moja. Alisema chakula ni cha kumshika mtu asianguke wakati dawa inafanya kazi yake, na mpaka leo sijasikia maneno bora zaidi.

Mwezi wa tisa mto ulikauka kabisa, na kila mtu mwenye nguvu alikwenda kuchimba maji mchangani. Tuliporudi kutoka kituoni, Mama aliweka debe mgongoni, akavuta mukwa, ule ukanda wa ngozi, juu ya paji la uso, akaenda. Susu naye alichukua kibuyu akamfuata nyuma kwa mwendo wa wazee. Nikabaki peke yangu bomani.

Usiku haukunitisha kamwe, maana usiku watu wapo. Niliogopa saa saba mchana. Kivuli hujificha chini ya kitu chenyewe. Kuku hulala midomo wazi. Upepo wa kuzunguka hupita uani umebeba majani makavu, ukafika mlangoni, ukasimama kama unachungulia, ukaenda. Siku moja saa hiyo nilikohoa mara mbili, nikanyamaza ili nivute pumzi, na kutoka upande wa ghala nikasikia mtu akikohoa mara mbili.

Ghala letu lilikuwa la fito na udongo, limesimama juu ya miguu ya miti, na kifuniko cha nyasi juu kinachoinuliwa. Nilitoka nikaliangalia. Ngazi ilikuwa imelala chini. Mbuzi mgonjwa aliyeachwa nyumbani alikuwa ameliangalia pia, masikio mbele.

"Ni nani?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo. Hakuna aliyejibu. Nikajilazimisha kukohoa tena, na hapo palinyamaza namna ambayo ni mbaya zaidi, ile ya mtu aliyejizuia.

Kesho yake masikio yangu yalianza kulia filimbi. Nikafurahi! Nikajiambia, ni dawa, sista alisema. Lakini filimbi ililia siku nzima, na kikohozi kile kilikuja saa saba tu, nacho kilikuwa na uzito, kilikuwa na kifua ndani yake. Baada ya muda nikaona kina tabia. Kilingoja nikohoe kwanza. Changu kilipokuwa kirefu, nacho kilikuwa kirefu. Ni kama mtu aliyeficha nyayo zake ndani ya nyayo za mwenzake.

Sikumwambia sista. Ningemwambia nini, kwamba masikio yangu yanakohoa? Nilifungua mdomo Jumatatu moja, nikaona watu wote wa benchi wananitazama, nikaufunga.

Halafu nikaona majivu. Nilikuwa nimeokota yai chini ya ghala, nikakuta duara la majivu, ukubwa wa sahani, limesawazishwa vizuri kwa mkono. Baada ya siku mbili yalikuwa maduara matatu. Wiki iliyofuata manane, mengine ya zamani yamekuwa ya kijivu, moja jeupe la siku hiyohiyo. Kuku walikuwa wakipekua kila mahali uani, hapo hawakugusa.

Ili uelewe kosa langu lazima ujue nyumba yetu. Baba alikuwa mtu wa kanisa sana. Kwetu hakuna aliyemwaga uji au pombe chini kwa ajili ya waliokufa, na aliyefanya hivyo angetengwa na ushirika. Lakini nilijua wazee wapo wanaofanya kwa siri. Nikakata shauri kwamba Susu anamlisha mume wake pale chini, anamwomba aniachilie, na kwamba mume wake anajibu. Ningesema, Baba angemfukuza mama yake mzazi kanisani, labda na nyumbani. Kwa hiyo nilichukua jembe na kila jioni nikafukia maduara yale asije mtu akayaona. Nilidhani namlinda.

Watu wa kanisa walikuja kuniombea wakasimama nje ya ua wa minyaa, wakaimba wakiwa huko huko. Mke wa shemasi aliacha kikapu cha viazi vitamu langoni, akakimbia kidogo, kisha akakumbuka akatembea. Wachumba wa dada yangu mkubwa waliacha kuja. Mama alianza kunitazama mikono wakati nikila, si usoni. Jioni moja Baba akiwa nyumbani nilimsikia akimwambia, "Labda tungempa jina lingine." Kwetu mtoto akiugua bila kupona watu husema mwenye jina amekasirika.

Mama akamwambia, "Wewe mtu wa kanisa?"

"Ni mwanangu," akasema.

Sindano zilikwisha mwezi wa kumi, nikaanza vidonge vikubwa vyeupe vya mwaka mzima, na kliniki ikawa kila Jumatatu tu. Joto la saa tisa likasahau kuja siku moja, kisha siku mbili. Nikarudi tundu la sita la mshipi. Nilikuwa sikohoi tena mchana. Na kitu cha ghalani kilikuwa kikikohoa bila kuningoja.

Mvua ya kwanza ilinyesha saa nane mchana, mwezi wa kumi na moja. Watu walikimbilia mashambani na mbegu, wakipiga kelele kwa furaha. Kumbikumbi walianza kutoka ardhini, nami nilichukua sufuria kwenda kuwaokota, maana Susu alisema mafuta yao yanajaza mashavu. Nikapita karibu na ghala. Maji yalikuwa yakitiririka chini yake, yakichukua majivu ya asubuhi ile ambayo sikuwa nimeyafukia. Majivu yalipokwisha kusafishwa, chini yake palikuwa pekundu. Ule wekundu ukanyooka, ukatembea na maji mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu.

Nilisimama hapo nikiutazama. Kisha juu ya kichwa changu mtu akakohoa.

Ngazi safari hii ilikuwa imesimama upande wa nyuma. Sijui nilipandaje. Niliinua kifuniko cha nyasi, mvua ikaingia pamoja nami, nikaona gunia, gunia, na katikati ya magunia uso mdogo wenye shuka mdomoni, na macho yananitazama.

"Shuka chini, mume wangu," Susu akasema. "Utanyeshewa, na ndiyo kwanza umepona."

Alikuwa na mkebe wa majivu magotini. Alikuwa akienda na wengine njiani mpaka kwenye kona, kisha anarudi kupitia nyuma ya ua, anapanda ghalani ambako magunia humeza sauti, anavuta ngazi au anaiangusha ili ashuke baadaye kwa kushika fito, na kungoja kikohozi changu kifunike chake. Alipopata nafasi alitema damu kati ya fito za sakafu, kisha akishuka akasawazisha majivu juu yake, kwa mkono wake, kama sista alivyonifundisha mimi.

"Susu, twende kituoni."

"Nani atakupikia?"

"Mama."

"Mama yako ana mikono miwili. Wakisikia mgonjwa wa pili, boma hili limekwisha. Dada yako hataolewa. Hata kisima cha mchangani watatukataza." Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa moto, joto la saa tisa. "Nimenyamaza kwa ajili yako. Nawe nyamaza. Wewe si ni mtu wa kunyamaza?"

Nikashuka bila kujibu, naye akachukua hilo kuwa ahadi.

Siku tano nilikaa nayo. Alinipikia kumbikumbi, nikala. Aliniletea mboga za porini zilizochipuka kwa mvua, nikala. Niliona jinsi mifupa ya shingo yake ilivyotokeza, na nikashangaa kwamba sisi sote tulikuwa tumeitazama shingo hiyo kila siku. Kila nilipokula nilijiona naongezeka na yeye anapungua, kama maji yanayomiminwa kutoka kibuyu hiki kwenda kile.

Jumatatu sista akanipa vidonge, akanipima uzito, akasema vizuri sana. Akainamisha kichwa kwenye daftari. "Nyumbani kuna mwingine anakohoa?" Hata hakungoja jibu, mkono wake ulikuwa umeanza kuandika hapana.

"Yuko," nikasema.

Mkono ukasimama. "Nani?"

"Susu."

"Tangu lini?"

Nikafungua mdomo kusema tangu kiangazi, na palepale nikakumbuka. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa nikirudi kutoka shule na kuambiwa Susu yuko ghalani, anachagua mbegu. Kila siku mbegu. Hata miezi isiyo ya kupanda.

"Sijui," nikasema.

Walimleta kituoni kwa baiskeli ya jirani, amefungwa shuka kifuani asianguke. Hakunisemesha wiki mbili. Alipopigwa picha ya kifua huko hospitali ya wilaya, sista aliniita mimi peke yangu ndani, akaishika picha ile dirishani. "Hii ya nyanya yako ni ya zamani sana kuliko yako," akasema kwa upole. "Ugonjwa wewe uliupata kwake. Pengine yeye aliupata kwa mumewe. Nakuambia ili mjue wote mpimwe. Yeye mwenyewe sijamwambia." Walipimwa, Mama, Baba, dada yangu. Walikuwa salama.

Susu aliishi miaka minne baada ya hapo, akafa kwa uzee, usingizini. Ndiyo maana naweza kuandika haya. Dada yangu aliolewa, kwa kuchelewa, na mtu mwema. Nami nakuambia wewe mwenye karatasi mfukoni: kaa juani asubuhi, toboa dirisha, kula kinacholetwa na mvua ya wakati huo, meza dawa mpaka ya mwisho hata ukijiona mzima. Na ukisikia mtu anakohoa kwa kujificha, sema, hata kama ni yeye anayekulisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Sindano za Susu zilikuwa kama zangu, na masikio yake yalikuwa mazee, hayakustahimili. Kufikia mwezi wa kwanza alikuwa hasikii mpaka upige kelele. Sasa nilimsindikiza mimi, na asubuhi moja tulikuwa benchini, watu wamejaa ukumbini, kunde zilikuwa zinavunwa na kila mtu alikuwa na habari. Susu akanigeukia. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi.

"Mume wangu! Ni mimi niliyekupa ugonjwa huu, ama ni wewe uliyenipa?"

Macho yake yalikuwa yamenikazia, na nikaona kwamba swali hilo alikuwa amelala nalo siku nyingi, na kwamba alikuwa amejiandaa kwa jibu.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi, Susu."

"Sisikii!"

Sikuwahi kupaza sauti mbele za watu, hata shuleni, hata kanisani. Nikasimama. "NI MIMI NILIYEKUPA, SUSU! NISAMEHE!"

Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alimvuta mtoto wake kifuani. Mwingine akahama benchi. Uso uliniwaka mpaka masikioni, na sista alikuwa amesimama mlangoni na bomba la sindano mkononi, ananitazama, wala hakunisahihisha.

Susu alinitazama kwa muda. Kisha mabega yake yakashuka, polepole, kama ya mtu aliyetua debe la maji baada ya njia ndefu. Akanipiga paja kwa kiganja.

"Nimekusamehe," akasema, ukumbi mzima ukasikia. "Ulikuwa mtoto. Hukujua."